Bwana Aliyependa Kuitikiwa

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye hitma ya Bwana Mselem. Nikakaa kwenye busati karibu na mlango, nikanywa kahawa, nikawasikiliza watu wakimsifu. Mpwa wake alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa heshima, mpenda nidhamu, aliyewalea vijana wengi kazini. Watu wakatikisa vichwa. Mimi ni mmoja wa vijana hao waliolelewa, na nilimega kipande cha halua nikakitia mdomoni ili mdomo uwe na shughuli. Dini yetu imetufundisha kuwataja maiti kwa mema yao, basi nayataja: alikuwa msafi, kanzu yake haikupata kuwa na doa, hakuwa mwizi, na kofia zake zilikuwa za kazi nzuri. Nshamaliza. Yaliyobaki nataka kuyaeleza taratibu, na si kwa ajili yake. Nayaeleza kwa ajili yako wewe kijana uliyekabidhiwa watu kuwasimamia, ambaye usiku huu pengine unajiuliza watakuheshimu vipi. Nimesimamia watu maisha yangu yote ya kazi, na nimewafundisha wengine kusimamia, na kila nilipokwama nilijiuliza Bwana Mselem angefanya nini, kisha nikafanya kinyume chake. Haikupata kunipoteza.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda cha soda Malindi, hapa Unguja mjini. Neno kiwanda lisikutishe. Kilikuwa ukumbi wa chini wa nyumba kongwe ya mawe, dari yake ya boriti, kuta zake zikimwaga chokaa kila lori lilipopita nje. Sakafu haikukauka mchana wala asubuhi, na ilinata kwa shira ya sukari, hata makubadhi yakikwama ukabaki umesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Nyuki waliingia kwa dirisha la uani, wakanywa, wakalewa, wakatoka kwa dirisha la barabarani. Juu yetu aliishi tajiri mwenyewe, mtu mnene mpole ambaye hatukumwona ila Ijumaa anapokwenda kusali. Baina yetu na yeye, nusu ya ngazi, kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha la kutazama chini ukumbini, na hicho ndicho kilikuwa chumba cha msimamizi.

Soda zetu zilikuwa zile za chupa nene zenye gololi ya kioo shingoni. Kuzijaza ni kazi ya mkono na sikio. Chupa inafungwa ndani ya kizimba cha chuma na kupinduliwa, mjazaji anavuta mkono wa mashine taratibu, maji yenye gesi yanaingia juu ya shira, na gololi inaanguka shingoni na kubanwa pale na gesi yenyewe. Ukiuachia mkono mapema, gololi haikai sawasawa, gesi inavuja, na mnywaji anapata maji ya sukari. Ukiuvuta kwa pupa, chupa inapasuka. Sauti ya gesi ndiyo inayokwambia lini basi. Mjazaji wetu alikuwa Ussi, kijana wa kisiwa cha Tumbatu mwenye mabega ya mpiga kasia na ulimi uliofungwa. Alikuwa na kigugumizi kizito. Mimi nilisimama ubavuni mwake, nikipokea chupa, nikiifuta, nikiitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikiipanga kwenye kasha. Waliobaki ni wakosha chupa na wapishi wa shira, na watatu kati yao waliitwa Haji, kwa kuwa walitoka Makunduchi, na Makunduchi ukirusha jiwe bila kutazama utampiga Haji.

Kabla ya Mselem tulisimamiwa na Mzee Feruzi, na lazima nikueleze habari zake, usije ukadhani nataka kusema kwamba msimamizi mzuri ni mtu mpole. Feruzi alikuwa na mdomo mchafu kuliko mfereji wa gengeni. Alituita wana wa popo. Lakini hakukaa katika chumba cha nusu ngazi. Kiti chake alikipa paka. Alizunguka kutwa, na alipokuwa na swali kwa Ussi, alimwuliza akiwa anapita, kisha akaenda kuonja shira, halafu akarudi kuchukua jibu kama mtu aliyeacha nguo kwa fundi.

"Ussi, ngozi ya pampu itafika Ijumaa hii haijachanika?" Akaenda zake. Akarudi. "Haya, n'ambie."

"Ha-ha-haifiki."

"Nlijua. Mwana wa popo we, mbona hukun'ambia jana?"

"Hu-hukuniuliza."

Tukacheka, na Feruzi akacheka kuliko sisi. Mwaka ule macho yake yaliingia ukungu, akaondoka kwenda kukaa kwa bintiye shamba, Mpendae, na paka akamfuata. Siku ya tatu kiti kilipata mwenyewe.

Bwana Mselem aliingia asubuhi na kanzu nyeupe pe, akainua ncha yake kwa vidole viwili akivuka sakafu yetu, akapanda nusu ya ngazi, na kutoka dirishani akatuhutubia. "Mimi sina maneno mengi," alisema, na hapo ndipo alipoanza. Alisema mtu akiitwa aitike. Mtoto wa Kiislamu aliyelelewa na wazee wake anaitika. Aitike mwito wa kwanza, si wa pili. Aache alichoshika, asimame, atazame juu dirishani, aseme, "Naam, Bwana." Hakuna kati yetu aliyeona ubaya. Sote tulikuwa tumepigwa makofi na mama zetu kwa kuitika "nini?" au "ee", mwanamume ni naam, mwanamke ni abee, tumekua nayo. Na hapo, kijana wangu, nataka utue kidogo. Mtu mdogo hana adabu yake mwenyewe ya kuwatesea watu. Anachukua ya kwenu, mliyolelewa nayo na mnayoipenda, anaifanya kijiti cha kujikunia mgongo.

"Haji!"

"Naam, Bwana," Haji mmoja.

"Si wewe. Yule."

"Naam, Bwana."

"Mvua imekatika?"

"Imekatika, Bwana."

"Basi."

Chumba chake kilikuwa na dirisha jingine, la barabarani, nyuma ya kiti chake. Angegeuza shingo angeiona mvua. Lakini asingesikia naam, na mvua hakuwa na haja nayo. Kutwa ilikuwa hivyo. Aliita kuuliza kama mlango umefungwa, ilhali mlango ulikuwa mbele ya macho yake. Aliita kisha akasahau alichoitia, akasema, "Nitakumbuka," ukabaki umesimama na chupa zako zinakungoja. Nimesikia watu wakimtetea kwamba alikotoka alikuwa tarishi, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa ofisi hadi ofisi. Inawezekana. Wengi wetu tumeitwa. Si kila aliyekanyagwa lazima anunue viatu vizito.

Siku ya kwanza ile ile alimwita Ussi. Ussi alikuwa na chupa ndani ya kizimba. Akaacha mkono, akasimama, akatazama juu kama alivyoamrishwa, akafungua mdomo. "N-n-n-n," na shingo yake ikatoka mishipa. Gesi ikavuja ikaisha. "N-n-n."

"Ussi! Nakwita!"

Haji Mrefu, ambaye nitakueleza habari zake sasa hivi, akaitika kwa niaba yake. "Yupo, Bwana."

"Sikukwita wewe. We Ussi, huna masikio?"

Nikasema mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na niliamini kuwa jambo likielezwa vizuri linaeleweka. Imani hiyo ninayo bado, ila sasa najua mipaka yake. "Bwana, ana kigugumizi. Anasikia, na kazi anaijua. Ukimpa muda kidogo anasema."

Mselem akatabasamu, tabasamu la mtu aliyengoja kuulizwa. "Kigugumizi. Ijumaa iliyopita, kabla sijaanza kazi hapa, nilikuwa safu ya nyuma yake msikitini, na sura naikumbuka. Imamu alipomaliza Alhamdu, huyu Ussi amesema Amin imetoka imenyooka kama yangu na yako. Kwa Mungu ulimi unafunguka, kwangu mimi unafungwa. Hiyo ni dharau." Akamnyooshea kidole. "Moja hiyo. Nikihesabu ya tatu, mlango ule pale."

Kwa hivyo mtu yule alikuwa ameona jambo ambalo sisi wote, tuliokaa na Ussi siku zote, tulikuwa hatujaliona. Alikuwa na ufunguo mkononi. Akaamua ni jiwe, akalirusha.

Chakula cha mchana tulikula uani, chini ya kibanda cha makuti cha Bi Kazija, aliyetupikia. Siku ile ilikuwa muhogo wa nazi na papa, na pilipili ya kusaga kwenye kifuu. Bi Kazija alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kanga zilizofuliwa hadi maneno yake yamefutika, na aliona ukumbi wote kupitia dirisha la uani kama anatazama sinema. Ussi hakula. Alikuwa akiuzungusha muhogo kwenye sahani.

"Kula, baba," Bi Kazija alimwambia. "Mselem hali kwa mdomo wako."

"A-a-akin'toa hapa," Ussi alisema, na tukangoja, maana tulikuwa tumefundishwa na Feruzi kungoja, "n-ntakwenda wapi?"

Hakuwa akitafuta huruma, alikuwa akiuliza kweli. Alikwisha kujaribu kuuza samaki sokoni Darajani, na muuza samaki asiyeweza kunadi anarudi na samaki wake. Alijaribu uchukuzi bandarini, na huko mtu akichelewa kusema "chunga" mwenzake anavunjika mguu. Mashine ya soda ndiyo kazi ya kwanza aliyoipata ambayo haikuuliza ulimi wake. Alikuwa amepanga chumba Ng'ambo, na mkewe Mwanajuma alikuwa na mimba ya kwanza. Kazi hii ikiondoka, chumba kinaondoka, na Mwanajuma anarudi kujifungulia kwa wazee wake kisiwani, na Ussi anarudi kuwa yule ambaye watoto wanamfuata njiani wakiiga midomo yake. Aliyasema yote haya kwa maneno machache sana.

"Basi uwe unaitika kwa mkono," alisema Haji Mrefu. "Unainua mkono, hivi."

"Wewe uko tayari uinue na miguu," Bi Kazija alimjibu.

Haji Mrefu alikuwa mfanyakazi wa aina ambayo Mselem alimtafuta maisha yake yote, na Mungu si mchoyo, alimpa. Chini ya Feruzi, Haji Mrefu alikuwa mvivu wa kawaida, anayefukuzwa na matusi mpaka anaosha chupa zake. Chini ya Mselem alichanua. Alitambua kwamba mtu anayeitika vizuri haulizwi ameosha chupa ngapi. Akawa anaitika kabla jina halijamalizika, ilifika hadi mtu akikohoa kule juu, Haji Mrefu anasema, "Naam, Bwana." Nami namdharau, lakini kidogo, kwa sababu hakuivumbua yeye mizani ile. Panda mahindi utavuna mahindi. Na wale Haji wawili wengine, waliokuwa wachapakazi, waliona nani anayesifiwa, wakaacha kukimbilia kazi. Hawakugoma. Walipoa tu, kama chai iliyosahauliwa.

Aliyeharibika zaidi ni Ussi. Mselem alimwita mara ya pili siku chache baadaye, kumwuliza kama nyuki ni wengi, na Ussi akasimama na n-n-n yake mpaka Mselem akainua vidole viwili dirishani. Tangu hapo Ussi alifanya kazi akiwa na shingo iliyopinda, jicho moja liko juu. Nilikwambia kwamba mjazaji husikiliza gesi. Mtu anayesubiri kuitwa hawezi kusikiliza gesi. Sikio lake lina kazi nyingine. Chupa zikaanza kupasuka. Kipande cha kioo kilimchana shavu, akaendelea na kazi huku damu inateremka kidevuni, maana aliogopa kuomba kitambaa. Na chupa ambazo hazikupasuka zilitoka nusu hai. Makasha yakawa yanarudi kutoka Darajani. Muuza duka mmoja alimwambia mchukuzi wetu, "Soda zenu zimefiwa? Mbona zimenyamaza?" Mselem alisema ni uzembe, akaongeza kuita.

Sasa sikiliza lililotokea, kwa maana hakulipanga mtu. Ilikuwa kabla ya Ramadhani, siku za harusi nyingi, na soda zinatakiwa. Mselem aliita, "Haji!" bila kusema yupi, na wale watatu, kila mmoja akichelea kwamba ndiye, wakaitika kwa pamoja: "Naam, Bwana." Na sauti ya nne ikaingia katikati yao, nzito, safi, haina mkwaruzo. Ilikuwa ya Ussi. Sijui kwa nini aliitika. Nadhani mwili wake ulikuwa umekwisha kuzoea kushtuka. Aliganda na mkono juu ya mashine, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Haji watatu waligeuka. Mselem kule juu hakugundua kitu, aliuliza kama shira inachemka. Bi Kazija dirishani alishusha upawa.

"Kumbe limo," alisema taratibu. "Limo ndani. Linataka wenziwe tu."

Tulilijaribu uani, mchana, kwa aibu kidogo, watu wazima tumekaa juu ya makasha kama watoto wa chuo cha Kurani. Bi Kazija alihesabu kwa upawa, tukasema naam sote, na Ussi akasema naam. Tukasema Bismillahi, akasema. Tukimwacha peke yake, n-n-n inarudi. Tukiingia naye, inaondoka. Ndiyo ile Amin ya Ijumaa. Haji Mrefu mwenyewe, na kwa hili namwondolea nusu ya dharau yangu, ndiye aliyesema, "Basi akiitwa yeyote, tuitike sote. Si tumeambiwa tuitike?"

"Na mie?" Bi Kazija akauliza. "Mie si mwanamume."

"Wewe abee yako, bibi. Itie chumvi."

Asubuhi yake Mselem aliita, "Ussi!" Ukumbi mzima uliacha ulichoshika, ukasimama, ukatazama juu. "Naam, Bwana!" tulisema, sauti moja, na Ussi ndani yake kama uzi ndani ya kamba, na kutoka uani, nyuma kidogo, ikafuata, "Abee!" Nilimtazama Mselem nikidhani atakasirika, kwa sababu mtu mwenye akili angejua anachezewa. Hakukasirika. Uso wake ulilainika. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na nakuapia macho yake yalilowa. Akaita tena, mtu mwingine. "Naam, Bwana! Abee!" Siku ile alituita mpaka makoo yalikauka. Siku iliyofuata alivaa kofia mpya. Mwisho wa wiki akamleta shemeji yake, wakasimama dirishani bega kwa bega, akatuita mmoja mmoja kwa majina ili mgeni asikie, na mgeni akasema, "Mashaallah, umewatengeneza." Katika maisha yangu nimeona watu wakila rushwa na wakisema uongo mahakamani, lakini sijamwona mtu aliyevuliwa nguo akashukuru kama Mselem mwaka ule.

Na kazi je? Fanya hesabu mwenyewe. Kila jina moja likiitwa, ukumbi wote unasimama. Shira inaungua, chupa zinafurika kwenye beseni, mashine inapiga mluzi. Ussi alikuwa amepona hofu, mkono wake umetulia, na angeweza kujaza soda za harusi zote za mjini, lakini alikuwa hapati nafasi ya kujaza, kwa kuwa tulikuwa tunaitika. Hatukuvunja amri hata moja. Wala hatukumpa ukaidi. Tulimpa alichokitaka, chote, kimejaa hadi ukingoni, na kiwanda kikasimama. Ukisimamia watu, chunga sana unachokisifu, kwa sababu hicho hicho ndicho watakachokupa.

Nilidhani tajiri angeshuka kwa ajili ya soda. Makasha yaliyorudi yalikuwa yamepangwa mpaka mlangoni kwake. Hakushuka. Wala hakushuka kwa ajili ya shavu la Ussi, ambalo alilipita Ijumaa akaliitikia salamu. Alishuka siku moja baada ya adhuhuri, amevaa saruni na fulana, nywele zimelala upande mmoja, kwa ajili ya usingizi wake.

"Nini hii?" aliuliza kutoka juu ya ngazi. "Kila nikifumba macho, naam. Kila nikifumba, naam. Nyumba yangu imekuwa kambi?" Kisha akaita, "Mselem!"

Amri ni amri. "Naam, Bwana!" tulisema sote, tumesimama. "Abee!" uani.

Na Mselem, aliyekuwa ndiye anayeitwa, alikuwa amekwisha kusimama kitini na kufungua mdomo, ila naam yake ilizama ndani ya yetu, hakuna aliyeisikia. Akabaki midomo wazi. Tajiri akamtazama, akatutazama, akatazama makasha. Sidhani alielewa lolote. Hakuuliza nani alianza wala kwa nini. Alijikuna tumbo, akatoa hukumu bora kuliko zote nilizopata kusikia kazini, kwa sababu mbaya kuliko zote. "Toka leo hapana kuitana humu ndani. Mtu akimtaka mwenziwe, amfuate alipo. Na miguu iwe ya polepole." Akapanda kulala.

Ndiyo yaliyomwokoa Ussi. Usilitafute la maana zaidi ya hilo. Si haki iliyomfikia bali usingizi wa mtu mnene, na wengi wenu mtaokolewa hivyo hivyo, basi msilikatae. Ussi alibaki kwenye mashine ile mpaka kiwanda kilipofungwa, miaka mingi, na soda zetu zikarudi kupiga kelele. Tulimzika zamani, bila hotuba. Mselem hakufukuzwa. Watu wa namna yake hawafukuzwi, huhamishwa kwenda mbele. Alipata nafasi ofisini kwingine, kwenye meza iliyokuwa na kengele, na nimesikia aliichosha. Lakini kabla hajaondoka kwetu alikaa miezi kadhaa ndani ya chumba kile bila la kufanya. Kumfuata mtu alipo kulimaanisha kushuka, kuinua kanzu, kukanyaga shira. Alipendelea kutotutaka. Siku zikaenda vizuri sana.

Sikukuu ya kuchinja ilipokaribia, asubuhi moja, mtoto wa jirani alikuja uani kwa Bi Kazija akamnong'oneza, na Bi Kazija akaingia ukumbini, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akamwambia Ussi sikioni. Ussi alimalizia chupa iliyokuwa kizimbani. Alisikiliza gesi hadi mwisho, akaitoa, akanipa. Kisha akazima mashine na kusimama pale, mikono imening'inia.

Mselem alichungulia dirishani. Nilimwona akifungua mdomo, akakumbuka, akatupa jicho juu kwa tajiri, akaufunga. Akashuka. Alipita kati ya mabeseni amebana ncha za kanzu, na makubadhi yake yaliita kila hatua, chwa, chwa, mpaka akafika mbele ya Ussi. Walikuwa hawajapata kusimama karibu hivyo. Ussi alikuwa mrefu kuliko yeye.

"Mbona mashine imesimama?"

Ussi akavuta pumzi. "M-m-m-m."

Tungeweza kuingia naye. Neno tulikwisha kulikisia. Lakini habari ilikuwa yake na haikuwa yetu ya kuimba, basi tulimwachia. Haji Mrefu alitaka kumsaidia, Bi Kazija akamkanyaga mguu. Mselem alitazama mlango, alitazama ngazi, alitazama kanzu yake. Hapakuwa na dirisha la kujitoa.

"M-mke wangu ka-ka-kajifungua," alisema Ussi. "N-n-naomba ruhusa n-nikamwadhinie mwanangu sikioni."

Hapo hapo pampu ikatoa gesi iliyobaki, fyuuu, na sehemu ya mwisho ya maneno yake ikaenda nayo. Mselem hakuisikia. Aliinamisha kichwa, akatega sikio mbele ya kifua cha Ussi, kama anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa ambaye neno limempita, akasema:

"Naam?"

Ussi akavuta pumzi, akaanza upya, tangu mwanzo. Hatukuwa na haraka.